Mkono wa Koti Uliojaa Mawe

Hvidlyng, nyika ya Jutland
24 Mei 1843

Mheshimiwa Hakimu Ditlev Brorholt,

Hunijui, ingawa tulikaa chumba kimoja saa nzima Jumanne ya wiki iliyopita. Mimi ndiye yule uliyemwambia, "Mama, sogea na beseni lako, unanizibia mwanga." Beseni lilikuwa la kumwoshea marehemu Laust Kragsig, mchuuzi wa soksi za sufu, aliyepotea tangu Novemba na kuibuliwa mwezi huu na wachimbaji wa mboji ya kuwashia moto kwenye kinamasi chetu, fuvu limepasuliwa. Nilisogea. Sasa nakuomba na wewe usogee kidogo, maana kuna kitu unakizibia mwanga.

Naitwa Sidsel Mortensdatter. Kazi yangu ni ushonaji. Sina duka. Nahama shamba hadi shamba na sindano zangu, wiki hapa, siku kumi pale, mwaka wa ishirini na sita sasa. Katika parokia hii hakuna suruali ambayo sijaiona kwa ndani.

Siku ile ulichukua koti la bluu la Laust, lile ambalo Esper, mchuna farasi, alikutwa amelivaa. Ukalifunga kwa kamba, ukalipiga lakiri, ukasema mbele yetu, "Kesi imekwisha kabla ya chakula cha mchana." Kweli chakula kilikuwa kimeshaiva kwa jumbe. Lakini kilichomzamisha Laust chini ya maji hukukigusa. Kiunoni alifungwa mkono wa koti jingine, wa sufu ya kijivu, umekazwa kwa kamba ncha zote mbili, ndani ya mkono huo mawe. Karani wako aliyamwaga mawe, akautupa mkono ule mlangoni kama ganda la kiazi. Mimi niliuokota, nikaufua, nikaugeuza nje ndani.

Sikiliza basi. Mshonaji wa mkono wa kulia, pindo lake huinamia upande mmoja. Mimi nashona kwa mkono wa kushoto. Marehemu mama alinichapa hadi vidole vikavimba na bado sikuacha, na hapa kwetu ndimi pekee niliyeshindikana. Pindo langu huinamia upande wa pili. Bitana ya mkono ule imeshonwa na mimi. Najua kazi yangu kama unavyoijua sahihi yako.

Esper sijawahi kumshonea hata kiraka. Hakuna mtu angeniruhusu kuingiza nyumbani mwake sindano iliyogusa nguo za mchuna farasi, nawe unalijua hilo. Kwa hiyo mtafute mwenye koti la kijivu lililokosa mkono. Mkono wenyewe uko kwa mchungaji, ameufungia kwenye kabati la kanisa.

Sidsel Mortensdatter


Skarkøb, 29 Mei 1843

Kwa Sidsel Mortensdatter, mshonaji.

Barua yako imenifikia. Nilimsomea karani wangu kwa sauti, na tunakushukuru wote wawili, maana wiki hii hatukuwa na jambo jingine la kutuchekesha.

Nimesoma sheria Copenhagen miaka sita. Katika miaka hiyo hakuna profesa aliyetufundisha kuuliza uzi maswali. Tulifundishwa kuuliza watu. Basi nimewauliza. Nimemuuliza Anders Toftegaard, jumbe wa Hvidlyng, mtu mwenye shamba, kiti cha mbele kanisani na jina safi, ambaye kama sikosei ni shemeji yako na anakulisha majira yote ya baridi. Ameapa kwamba Novemba alimwona Esper akimfuata Laust kuelekea kinamasini. Nimemuuliza na Esper. Unajua alijibu nini? Kwamba koti la bluu alipewa na jumbe mwenyewe kwa kazi ya kumchuna farasi aliyekufa! Mtu anayelala na mizoga anataka nimwamini yeye, nimwache anayenikaribisha mezani kwake.

Unasema mkono wa koti ni kazi yako. Vyema. Ulimshonea nani? Umejaza karatasi mbili na jina hilo halimo. Mshonaji anayekumbuka mwinamo wa pindo na kusahau mwenye koti ni mshonaji wa ajabu. Nitajie jina, au urudi kwenye sindano zako na uniachie mimi wauaji.

D. Brorholt, Hakimu wa Wilaya


Hvidlyng, 1 Juni 1843

Mdogo wangu Bodil,

Ninakaa kwa mchungaji wiki hii, nawashonea mapazia. Ningeweza kutembea hadi kwako, ni mwendo wa nusu saa tu. Naandika kwa sababu nataka uisome barua hii ukiwa peke yako, Anders akiwa shambani.

Laust alizamishwa kwa mkono wa koti la kijivu. Bitana yake ni ya mistari, bluu na nyeupe, na kila mstari wa nne umekosewa, una nyuzi tatu badala ya mbili. Unakijua kitambaa hicho. Ni cha godoro alilofia mama. Tuligawana, wewe ukachukua kipande kikubwa kwa sababu ulikuwa umeolewa, na kipande chako nilikitilia bitana koti la kazi la mume wako, jikoni kwako, wewe ukinishikia mshumaa.

Hakimu ananitaka nitaje jina. Sijalitaja. Sijalitaja kwa ajili yako na watoto wanne, si kwa ajili ya yule dume lako linalotembea kijijini kama ndilo lililowaumba hao ng'ombe. Sijawahi kumpenda, na hilo si siri. Lakini mtu kutopendeka hakumfanyi muuaji, kwa hiyo nakuuliza kwanza wewe. Pengine alimuazima mtu. Pengine aliibiwa. Niambie, nitaamini. Na kama si hivyo, mwambie aende Skarkøb kwa miguu yake mwenyewe kabla sijalazimika kwenda mimi. Esper ana mke na watoto. Wiki nzima wameketi nje ya jela na hakuna aliyewapa hata maji.

Dada yako,
Sidsel


Toftegaard, 4 Juni 1843

Dada,

Nimeisoma. Nimeisoma mara mbili nikidhani labda umelewa.

Lile koti la kijivu tulimpa Esper. Wakati wa Mikaeli, mwisho wa Septemba, alipopita kuomba nguo kuukuu. Nilimpa mwenyewe kwa mkono wangu, mlangoni. Sasa umelipata jibu, na umejibebesha aibu.

Unajua linaloniuma? Kila Krismasi unakaa mezani kwangu, unakula bata bukini wangu, unalala kwenye chumba chenye jiko la moto, kisha unageuka na kumwita mume wangu dume. Umeshindwa kupata mume, umeshindwa kupata nyumba, ukabaki na mkono wako wa kushoto na kiburi chako. Unadhani kwa kuwa unaona watu wakiwa na suruali za ndani tu, basi unawajua. Hujui lolote kuhusu nyumba ya mtu, Sidsel. Wewe ni mgeni kila mahali.

Anders ameiona barua yako. Sikumwonyesha, aliikuta. Kesho tunakwenda Skarkøb kuapa mbele ya hakimu kuhusu koti. Usije huku msimu wa baridi.

Bodil


Skarkøb, 9 Juni 1843

Kwa Sidsel Mortensdatter.

Sina kawaida ya kuwaandikia washonaji mara mbili, lakini haki inanidai nikushukuru.

Jumbe Toftegaard na mkewe walikuja Jumatatu. Jumbe akasema, kwa uungwana ambao hukustahili, "Mheshimiwa, shemeji yangu ana kichwa kigumu, lakini macho yake ni mazima. Koti lilikuwa langu. Tulimpa Esper wakati wa Mikaeli." Mkewe akaapa hivyo hivyo, mkono juu ya Biblia. Alikuwa amepauka kidogo, nami nikampa kiti.

Unaona ulichokifanya? Nilikuwa na koti moja la kumfunga Esper. Wewe umeniletea la pili. Mkono uliomzamisha Laust unatoka kwenye koti la Esper, na koti la Laust lilikuwa mgongoni kwa Esper. Hata profesa wangu mzee angepiga makofi. Esper alipoelezwa alisema tu, "Sijawahi kupewa koti la kijivu," akaanza kulia. Watu wa namna yake hulia kwa urahisi.

Hukumu nitaisoma tarehe 23. Kisha makaratasi yataenda mahakama ya juu, Viborg, na kutoka Viborg, shoka. Ukitaka kuja kutazama, mlango wa mahakama ni wazi kwa kila raia, hata wale wa mkono wa kushoto.

D. Brorholt, Hakimu wa Wilaya


Hvidlyng, 12 Juni 1843

Mheshimiwa Hakimu,

Nimekaa siku moja nzima na barua yako mapajani, sikushona hata tundu la kifungo. Ulitaka jina. Hili hapa: Anders Toftegaard. Lile jina safi lenye kiti cha mbele.

Mdogo wangu ameapa uongo. Naandika hivyo, na herufi zinasomeka.

Koti lile halikwenda kwa Esper Septemba. Lilikuwa Toftegaard Desemba, wiki ya pili ya Majilio, na najua kwa kuwa nilikuwa nalo mikononi. Bodil alinitolea kwenye kasha akasema, "Dada, litengeneze mto wa kukalia kanisani, kiti chetu ni baridi." Nikalikunjua. Mkono wa kushoto haukuwepo. Nikauliza, "Na mkono huu, mumeo ameula?" Akasema umeungulia jikoni. Nikacheka, nikamwambia basi Anders ajifunze kukaa mbali na masufuria. Nikashona. Sikuchunguza. Kitambaa kilichoungua huwa na ukingo mweusi mgumu, na ule ukingo ulikuwa umekatwa kwa kisu, kwa haraka, meno meno. Nililiona na sikuliona. Hilo ni langu, nitalibeba.

Sasa sikiliza lililo lako. Sehemu ya mgongo na bega niliitumia kama ilivyo, na bitana yake ndani, ili mto uwe mnene. Ule ukingo wa meno meno sikuukata. Niliukunjia ndani. Uko humo hadi leo, umefunikwa na nyasi kavu. Uulinganishe na ule mkono ulioko kwa mchungaji, jino kwa jino. Na kwa kuwa profesa wako hakuwafundisha kuuliza uzi, uliza tu mistari ya bitana: kila wa nne una nyuzi tatu. Godoro kama lile lilikuwa moja duniani na lilikuwa la mama yangu.

Mto uko kwenye kiti cha jumbe, upande wa wanaume, nafasi ya kwanza kutoka njiani. Unaufahamu. Jumapili ya tarehe 21 Mei, ulipokuja kuhoji mashahidi, jumbe alikukaribisha kando yake, na kwa kuwa wewe ni mgeni wa heshima alikusogezea mto wake. Mahubiri yalikuwa marefu siku ile. Kwa saa moja na nusu, Mheshimiwa, uliukalia ushahidi wako kwa makalio ya miaka sita ya Copenhagen, na haukukwambia kitu.

Nimempa mchungaji nakala ya barua hii. Nyingine ninayo. Ikifika tarehe 23 hujaja, nitaisoma mwenyewe mbele ya mahakama yako, maana umesema mlango ni wazi.

Sidsel Mortensdatter


Skarkøb, 20 Juni 1843

Bibi Sidsel Mortensdatter,

Nakuarifu kwamba Jumapili tarehe 18, baada ya ibada, nilizuia watu wasitoke kanisani. Mchungaji alileta mkono wa koti kutoka kabatini. Nilimwomba Anders Toftegaard ainuke. Hakuinuka. Nikarudia. Aliinuka, na mimi mwenyewe nikauchana mto kwa kisu cha kalamu.

Sina haja ya kukueleza nilichokikuta. Meno yaliingiana. Mistari nimeihesabu mara tatu, na karani wangu mara mbili.

Toftegaard alitazama nyasi zilizomwagika, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanamke aliyeushona huo anakula kwangu tangu nimwoe mdogo wake. Mnamwamini huyo?" Nikamjibu kwamba mtu anayeumia kwa kusema kweli ana sababu chache za kusema uongo. Hapo mkewe, upande wa wanawake, alisimama na kusema, "Sikumpa Esper koti. Sikumpa mtu." Akakaa.

Njiani kuja mjini mume alisema yote, wala si kwa majuto, kwa hasira tu. Novemba alikuwa akisogeza jiwe la mpaka kati ya shamba lake na la wajane wawili, kwa ng'ombe dume na mnyororo. Laust akapita na mzigo wake wa soksi mgongoni, akasimama, akasema, "Jumbe, naona mawe ya kwenu yameota miguu." Kisha akacheka. Nilimuuliza Toftegaard kama alimuua kwa kuogopa kushtakiwa. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Alicheka," akasema. "Mchuuzi wa soksi. Hakuna anayenicheka mimi Hvidlyng." Alikuwa na nyundo ya kupigia kigingi. Hakuwa na gunia la kutilia mawe, ndipo akakata mkono wa koti lake. La bluu alilihifadhi, akamvisha Esper baadaye kwa makusudi.

Mkewe sitamshtaki kwa kiapo cha uongo, kwa kuwa alikitengua mbele ya watu, na kwa ajili ya watoto. Esper ameachiwa.

Katika taarifa yangu kwa Viborg nimeandika kwamba ukweli ulifichuliwa na uchunguzi makini wa mahakama hii. Hiyo ndiyo lugha ya taarifa, nawe usiione vibaya. Ningeshukuru pia kama nakala za barua yako ya tarehe 12, hasa aya inayohusu ibada, zingerudishwa kwangu.

D. Brorholt, Hakimu wa Wilaya


Hvidlyng, 26 Juni 1843

Mheshimiwa Hakimu,

Nakala moja iko kwa mchungaji, ambaye huisoma, nasikia, wageni wakimtembelea. Ya pili ninayo na itabaki. Hiyo ndiyo lugha ya washonaji, nawe usiione vibaya.

Uchunguzi wako makini ulimwachia Esper Jumanne ya mvua, na shati tu. Koti la bluu ulilibakiza, sawa, ni la wafiwa. Lakini lile lake la ngozi, ambalo karani wako alimvua siku ya kukamatwa, limekwenda wapi? Ametembea maili nne hadi kibandani kwake akitetemeka. Nilimshonea jipya. Nilikwenda kulipeleka mwenyewe, nikakaa kwenye benchi lao, nikanywa kahawa yao, iliyokuwa mbaya sana. Nikamuuliza, "Kijijini wamekusalimu?" Akasema, "Bado wanavuka njia wakiniona. Ila sasa wanavuka polepole." Kisha akanitazama na kucheka. "Na wewe je, Mama Sidsel, nani anakuita kushona?"

Hakuna, Mheshimiwa. Tangu Jumapili ile hakuna shamba lililoniita. Walinipenda nilipokuwa mshonaji asiyeona. Kumbe ninaona, na kila mmoja amekumbuka kasha lake. Mke wa msaga unga alinifungia mlango akasema kupitia ufa, "Tutakuita, tutakuita." Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu makoti.

Na wewe wanakuvulia kofia. Hongera.

Sidsel Mortensdatter


Toftegaard, 2 Julai 1843

Dada,

Wanasema unajitapa kijijini kwamba kitambaa kinakwambia mambo. Nimeona nikuandikie.

Usiku ule wa Novemba Anders alirudi amelowa hadi kiunoni, koti lina mkono mmoja. Akaniambia ng'ombe alizama matopeni, akalirarua akimvuta. Nikatoka nikahesabu ng'ombe. Wote walikuwa wakavu. Niliporudi ndani alikuwa ananitazama, na hatukusema kitu tena, siku hiyo wala baadaye. Nililifua koti. Maji yalipobadilika rangi niliyamwaga mwenyewe, mbali na kisima.

Mwezi mzima nililala kando yake nikifikiria ni nani nimwambie. Mchungaji hula kwetu. Hakimu hula kwetu. Nikasema, dada anakuja Majilio. Dada ana macho. Dada alijua nina mimba kabla yangu kwa kuangalia gauni tu.

Hivi wewe ulidhani kweli nilikuhitaji ili kushona mto? Mimi? Mto wa kanisani naweza kuushona nimefumba macho, tulifundishwa na mama mmoja. Nilikuwekea koti la mume wangu mapajani, bila mkono, bitana ya mama ikiwa nje, ukingo umekatwa kwa kisu, siku kumi baada ya kijiji kizima kumtafuta Laust. Nikasimama mbele yako nikisubiri. Ulipouliza mkono uko wapi, nilidhani umeshaelewa. Nikasema umeungua, uongo mbovu kuliko wote niliowahi kusema, nikaukodolea macho ule ukingo ili na wewe uutazame. Na wewe ukacheka. Ukatania masufuria. Ukashona siku mbili nzima ukiimba.

Baada ya hapo sikuwa na mtu. Alipoipata barua yako alinikalisha kitini, akasema taratibu nini cha kuapa, na watoto walikuwa chumbani. Nikaapa. Ningeapa chochote.

Kwa hiyo usiniambie habari za macho yako. Ulimwona Laust alipokuwa ameshaoza. Mimi nilikuwa hai mbele yako, na hukuniona.

Wafanyakazi wameondoka wote watatu, hawataki kula nyumba ya muuaji. Nyasi zimekatwa nusu, zinalala kwenye mvua. Sikuandiki ili uje.

Bodil


Hvidlyng, 4 Julai 1843

Mdogo wangu Bodil,

Ni kweli. Yote, hadi kuimba.

Nilianza barua tatu za kujitetea, na zote tatu nimezitia motoni. Niliona nguo tu. Miaka ishirini na sita nimepima mabega na viuno vya watu na kujiona mjuzi, nikiwadharau kwa viraka vyao, na wewe ulisimama hatua mbili tu mbele yangu nisikuone. Sijui mtu huombaje radhi kwa jambo kama hilo, kwa hiyo siombi.

Kesho asubuhi nitakuwa kwenye malisho ya mbali, yale ya ng'ambo ya kijito. Nimeazima reki mbili za kugeuzia nyasi. Esper anakuja na mkewe na watoto wao wakubwa. Alisema, "Nyasi hazijui ni za nani." Najua utasema hutaki mchuna farasi kwenye shamba lako. Sema. Yeye ameshazoea, na mimi nimeanza kuzoea.

Mimi si mtu wa kukata nyasi, utanicheka mgongo wangu ukipinda. Lakini kugeuza na kukusanya naweza, na jua likishika siku tatu tutakuwa tumemaliza.

Huna haja ya kufungua mlango wala kutuletea chakula. Ukitaka kutoka, toka. Reki ya pili ni yako.

Sidsel